Uvimbe shingoni: usiishie duka la dawa

Kinyozi wangu wa Nkuhungu ndiye aliyeuona kwanza. Alizima mashine, akanibonyeza chini ya sikio la kulia. "Kaka, hapa pana nini?" Nikapapasa. Kigumu, kama punje ya harage, wala hakiumi. Kwa kuwa hakiumi, nikakiacha.

Hapo ndipo wengi tunapopotea. Mtoki, yaani tezi iliyovimba, wa jino bovu au koo kwa kawaida huuma, na chanzo kikipona nao hunywea. Kwa mtu mzima, uvimbe usiouma uliopitisha wiki mbili bila kupungua ndio wa kukupeleka hospitali. Na kama ni mgumu, hausogei ukiusukuma, umekaa juu ya mtulinga, au sauti imekwaruza na kumeza kunasumbua, usingoje hata hizo wiki mbili.

Duka la dawa walinipa amoksilini. Nikamaliza dozi, wakanipa nyingine. Harage likawa zabibu. Mama mkubwa akanisihi nikachanjwe kwa mganga. Nashukuru sikwenda, maana uvimbe kama wangu ukichanjwa unaweza kuacha kidonda kisichofunga.

Daktari aliyenisaidia aliuliza kwanza: homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito, sigara, pombe. Akanipa maji nimeze huku akiitazama shingo, kwa sababu rovu hupanda na kushuka ukimeza. Wangu ulitulia. Akachungulia mdomo na koo, kwani saratani ya huko huweza kujitokeza kwanza shingoni. Zikafuata ultrasaundi, kipimo cha VVU, picha ya kifua, kisha sindano nyembamba ya kunyonya chembechembe za uvimbe. Niliiogopa mno, lakini maumivu yake ni kama ya kutolewa damu, na dakika chache tu imeisha. Alinieleza kwamba sindano hutangulia kisu: ikiwa ni saratani, kuukata uvimbe kabla ya kujua ni nini huweza kuvuruga matibabu.

Ilikuwa TB ya tezi, nami sikuwahi kukohoa. Dawa nilipewa bure, miezi sita, mkojo ukitoka rangi ya chungwa. Mwezi wa pili uvimbe uliongezeka, nikataka kuacha. Muuguzi akanishika mkono, akasema hilo hutokea, endelea.

Kwa hiyo ukiandikiwa dozi ya pili ya antibayotiki, uliza kwa upole: "Daktari, hatuwezi kupima kwa sindano?" Majibu yakisema hakuna kitu na uvimbe bado upo, rudi ukapimwe tena.