Kadi za Harusi za Kutengeneza Nyumbani: Anza na Daftari la Mweka Hazina

Mtu anayetaka kutengeneza kadi za mwaliko wa harusi kwa mikono yake kwa kawaida huanza kwa kutafuta mapambo: utepe, maua ya karatasi, wino wa rangi ya dhahabu. Mimi nimetengeneza kadi za harusi ya mdogo wangu wa kiume, na baadaye za ndugu na majirani kadhaa hapa Dar es Salaam, na ninashauri kazi hii ianzie kwenye daftari la mweka hazina wa kamati ya harusi. Kwetu Tanzania kadi ya mwaliko hutanguliwa na kadi ya mchango, na wengi wanaoalikwa ni wale waliotimiza ahadi zao za mchango kwa kiwango ambacho kamati imekipanga, cha mtu mmoja au cha watu wawili. Kwa sababu hiyo idadi kamili ya kadi haijulikani mapema, kwani michango mingi huingia siku za mwishomwisho, na anayesubiri orodha ikamilike ndipo aanze kukata karatasi atakesha.

Njia inayofaa ni kugawa kazi mara mbili. Yote yasiyotegemea jina la mgeni, yaani kukata, kuchapa maneno ya pamoja, kukunja na kubandika, yamalizike mapema kwa idadi ya juu ambayo kamati inaitarajia. Jina la mgeni na alama ya mtu mmoja au wawili vibaki kuwa kazi ya mwisho, inayofanywa kadiri mweka hazina anavyoleta majina.

Kabla ya karatasi kuna maneno, na hapa naomba usiwe na haraka. Kadi ya harusi hutolewa na wazazi, si na maharusi, kwa hiyo andiko lake ni la familia: "Familia ya Bwana na Bibi Fulani wa Morogoro inayo furaha kubwa kukualika (hapa unaacha mstari wa jina) kwenye sherehe ya harusi ya kijana wao mpendwa," kisha majina ya maharusi, siku na tarehe, mahali na saa ya ibada ya ndoa, ukumbi na saa ya tafrija, na namba za simu za wanaopokea majibu. Upande wa bibi harusi wanayo kadi yao ya hafla ya kumuaga binti, yenye kamati yake na wageni wake, na si vyema kuzichanganya mbili hizo katika karatasi moja hata kama lengo ni kubana matumizi.

Mahali panapohitaji busara kuliko pote ni mstari wa wazazi. Kama mzazi mmoja ametangulia mbele ya haki, ziko familia zinazotaka jina lake liandikwe na neno "marehemu" mbele yake, na ziko zinazoona siku ya furaha haipaswi kubeba neno hilo, zikapendelea mwaliko utolewe na baba mkubwa au baba mdogo aliyesimamia malezi. Kama wazazi wametengana, swali ni jipya kabisa. Haya hayaamuliwi na mtu aliyekaa mbele ya kompyuta. Chapa nakala moja, ipeleke kwa wazee, wasomewe kwa sauti, na usubiri jibu lao. Nimeona mama mjane akishika nakala ya namna hiyo, akapitisha kidole juu ya jina la mumewe, akasema, "Liache hapo hapo." Hakuna pambo lolote kwenye kadi ile lililokuwa na uzito kama mstari ule.

Kwa harusi za Kiislamu, akdi (kufunga ndoa) na walima (karamu ya harusi) viandikwe kila kimoja na saa yake na mahali pake, na kama wanaume watakutana msikitini huku wanawake wakikusanyika nyumbani au ukumbini, kadi iseme hivyo waziwazi ili mgeni asifike mahali asipotarajiwa. Familia nyingi hupenda kuweka aya ya 21 ya Sura ar-Rum, inayozungumzia mapenzi na huruma baina ya mke na mume. Ni aya nzuri mno kwa shughuli hii, lakini ulizeni kwanza, maana wapo wazee wasiopenda maandishi ya Qur'ani yawekwe kwenye karatasi inayoweza kuishia jalalani.

Saa iandikwe kama tunavyoisema: saa 8:00 mchana, saa 12:30 jioni. Namba za saa ishirini na nne zikiwekwa kwenye kadi ya Kiswahili huwachanganya wazee bure. Tarehe nayo isichapwe kwa kutegemea matumaini. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka wanaokusudia kuoana watoe taarifa angalau siku 21 kabla ya ndoa, na makanisa yana taratibu zake za matangazo; pata uthibitisho wa mfungisha ndoa na risiti ya ukumbi ndipo uwashe printa.

Sasa karatasi. Kipimo kinachorahisisha maisha ni A4 iliyokatwa katikati ikawa A5 mbili, kisha kila A5 ikakunjwa ikawa kadi ya milimita 105 kwa 148, ambayo inaingia bila kubanwa kwenye bahasha ya C6 yenye milimita 114 kwa 162. Kadi 150 zinahitaji karatasi 75, nawe ongeza kama kumi za kuharibika. Uzito wa gramu 200 hadi 250 kwa mita ya mraba unatosha. Karatasi ya kawaida ya kuchapia ni gramu 80 na hulegea mkononi, ilhali ya gramu 300 hukwama kwenye printa nyingi za nyumbani. Mitaa ya Kariakoo yenye maduka ya vifaa vya ofisini ina rangi nyingi, lakini rangi ya maziwa hubaki kuwa chaguo langu, kwa kuwa wino mweusi husomeka vizuri juu yake hata kwa taa hafifu ya mlangoni.

Kukunja ndiko kunakotofautisha kadi safi na kadi ya kubahatisha. Karatasi ina upande ambao nyuzi zake zimelalia: ipinde taratibu bila kuivunja, kwanza kwa urefu kisha kwa upana, na upande unaokubali kupinda kwa urahisi ndio unaofuata nyuzi. Panga ukataji wako ili mkunjo ufuate upande huo, la sivyo karatasi nene itapasuka na kuonyesha weupe kwenye mgongo. Kisha chukua kalamu ya bic iliyokwisha wino, weka rula ya chuma katikati, na upitishe ncha mara moja kwa mkono mzito kidogo upande utakaokuwa nje ya kadi, ukiacha mfereji mwembamba. Kunja kwa namna ambayo mfereji unabaki nje na kituta chake kinaingia ndani, halafu pitisha mgongo wa kijiko kutoka katikati kwenda pembeni. Fanya hivyo kwa kadi moja ukalinganishe na iliyokunjwa kwa vidole tu, utaona kwa nini nasisitiza.

Pambo liwe moja. Mimi hupenda kipande cha kitenge cha sare ya kamati, ambacho kinamfanya mgeni atambue rangi za shughuli kabla hajafika ukumbini, au pindo la kanga aliyoichagua mama wa bwana harusi. Tatizo la kitambaa ni kuchanika nyuzi pembeni, na dawa yake ni kukipiga pasi, kukibandika chote kwenye karatasi nyembamba kwa gundi iliyopakwa kidogo, kuacha kikauke chini ya vitabu vizito usiku kucha, na ndipo kukikata kwa kisu na rula. Mita moja ya kitenge chenye upana wa sentimita 110 hutoa zaidi ya vipande 200 vya sentimita 3 kwa 15. Kubandika kwenye kadi tumia tepu ya pande mbili, kwa sababu gundi ya maji huikunja karatasi, hasa kwa unyevunyevu huu wa Pwani.

Kuhusu uchapaji nitasema machache. Wino wa printa ndogo za nyumbani mara nyingi huchuruzika ukiguswa na mkono wenye jasho, na kadi ya harusi hupita mikono mingi. Kama huna printa ya leza, peleka karatasi zako steshenari wakuchapie kwa leza, kisha urudi nyumbani umalizie. Chapa kabla ya kubandika chochote, na uiambie printa kwamba karatasi ni nene.

Mstari wa jina usiuchape. Mtafute mtu mwenye mwandiko mzuri katika ukoo. Kwetu ni mama mdogo, mwalimu mstaafu, ambaye huandika huku akituuliza kama fulani siku hizi ni Mhandisi au bado ni Bwana, na kama jirani yule angependa kuitwa kwa jina lake au Mama Neema. Maswali hayo ni ya lazima. Mwachie mstari wa sentimita tisa hivi, kwa sababu "Dkt. na Bi." pamoja na majina mawili hakuenei kwenye nafasi finyu. Nyuma ya kadi, kwenye kona, andika namba ya mfululizo inayolingana na daftari la mweka hazina, na alama ya mtu mmoja au wawili. Walinda mlango watakushukuru, na mgeni aliyesahau kadi yake nyumbani ataweza kutafutwa kwenye orodha kwa heshima.

Kadi za wazee zipelekwe kwa mkono, na anayezipeleka akae, asalimie na aeleze. Picha ya kadi kwenye WhatsApp inawatosha vijana na walio mbali, na za mikoani husafiri vizuri kwa basi zikiwa kwenye bahasha moja kubwa kwa jina la ndugu mmoja atakayezigawa. Bakiza kadi tupu zipatazo kumi pamoja na kalamu ileile, azishike mwandishi hadi jioni ya kuamkia harusi, maana wapo watakaotimiza ahadi siku hiyohiyo, nao wanastahili kadi iliyoandikwa kwa mwandiko uleule kama wa wenzao.