Jibu: Mtutu uelekee wapi ukibadilisha magazini huku unakimbia?

Ndugu yangu wa Masasi, umeuliza kwa nini mkufunzi wako wa shabaha ya bastola anakusimamisha kila unapobadilisha magazini (kibebeo cha risasi) ukikimbilia kushoto, ilhali kidole kiko nje ya kifyatulio. Mkufunzi huyo anakujali, msikilize.

Ukitumia mkono wa kulia, mwili unageuka kushoto, kisha kiganja kinazungusha bastola ili mkono wa pili upachike magazini. Hapo mtutu unawageukia waliosimama nyuma yako, na wewe huoni kwa sababu unaangalia mkanda wenye magazini. Kuvuta nyuma sehemu ya juu ya bastola kuondoa risasi iliyokwama kunaleta hatari ileile. Kwenye mashindano ya IPSC, shirikisho la kimataifa la mchezo wa shabaha lililoanzishwa 1976, mtutu ukizidi nyuzi 90 kutoka uelekeo wa tuta linalozuia risasi, kulia au kushoto, wewe unaondolewa mashindanoni hata bastola ikiwa tupu. Naona ni haki kabisa.

Anza kwa kutembea. Mtutu uache ukielekea tuta, miguu ndiyo igeuke. Bastola iwe mbele ya uso. Mwombe seremala akuchongee bastola ya mbao, ufanye hivyo uani mpaka mkono uzoee wenyewe. Kasi itakuja, usiikimbilie.

Kufanya mazoezi hayo kwa bastola halisi nyumbani ni jambo jingine. Kwetu Chikongola, Mtwara, nyumba zimebanana, na risasi ya milimita 9 hupenya mlango wa mbao bila shida. Toa magazini, kagua chemba, yaani tundu risasi inamokaa kabla ya kufyatuliwa, kwa jicho na kwa kidole, risasi zote zibaki chumba kingine.