Tiketi kwenye soksi ya kushoto

Umeuliza kama kuna shabiki mwenye akili timamu anayeamini kwamba kiti, jezi au soksi inaweza kubadili matokeo ya mechi. Mimi ni mtoto wa Makongeni, binti wa shabiki sugu wa Gor Mahia, na nimeolewa na mtu wa AFC Leopards. Kwetu derby ya Mashemeji, yaani mechi ya timu hizo mbili za soka, ni mashemeji kwelikweli. Acha nikujibu kwa nilivyoyaona nyumbani.

Mwaka 1987 Gor walitoka sare ya 2-2 na Espérance kule Tunis, fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika. Marudiano yakawa hapa Nairobi, uwanja wa Kasarani. Baba alikuwa kwenye msukumano wa langoni na aliogopa wezi wa mifukoni, basi akaikunja tiketi mara nne akaisokomeza ndani ya soksi ya mguu wa kushoto. Mechi ikaisha 1-1 na kombe likabaki Nairobi kwa kanuni ya mabao ya ugenini: jumla ilikuwa sare, ila Gor walifunga mengi zaidi ugenini. Tangu siku hiyo sikuwahi kuona tiketi ya baba ikikaa mfukoni. Nilimtazama nikiwa mdogo: anaketi ukingoni mwa kitanda, anapitisha ukucha kwenye kila mkunjo, anaishusha mpaka chini ya kisigino, kisha anasimama na kukanyaga mara moja kama anayejaribu kiatu kipya.

Yuko mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, aliyeandika mwaka 1948 kuhusu njiwa aliowalisha kila baada ya muda maalumu, wafanye lolote wanalofanya. Mmoja akawa anazunguka, mwingine anarusha kichwa, wengi wao wakirudia walichokuwa wakifanya chakula kilipowajia. Niliposoma hayo nilimwona baba na soksi yake, nikakubali kwamba mambo mengi ya mashabiki huanza hivyo. Lakini Gor walichukua ligi mwaka 1995, halafu hawakuishika tena hadi 2013. Miaka 18! Njiwa angeshaacha. Baba hakukosa mechi uwanjani City Stadium wala hakubadili soksi, na hilo ndilo linalonifanya niamini kwamba hakuwa akiununua ushindi. Alikuwa na hofu, na mikono yake ilihitaji kazi ya kufanya.

Wachezaji nao ni vivyo hivyo. Mwaka 2009 Kolo Touré wa Arsenal alikataa kutoka chumba cha kubadilishia nguo kabla ya mwenzake William Gallas aliyekuwa akitibiwa, kwa sababu mwiko wake ulikuwa kutoka wa mwisho. Arsenal wakaanza kipindi cha pili dhidi ya Roma wakiwa watu tisa.

Uganga wa kuzika vitu uwanjani ni kitu kingine na siutetei, hata kama timu yetu imebeba jina la mganga mashuhuri wa Wajaluo. Ninachokipenda ni kama kile cha mashabiki kukusanyika Moi Avenue, kwenye sanamu ya Tom Mboya, wakiimba kabla ya kushuka uwanjani. Hapo hakuna anayeumia.

Mimi niliumiza mtu. Tiketi sasa nanunua kwa simu, kwa hiyo huandika namba yake kwenye karatasi, nikaikunja mara nne. Siku moja ya derby mwanangu, akiwa na miaka minane, aliokota soksi zangu akaitupa ile karatasi akidhani ni takataka. Tukafungwa. Niliporudi nikamwambia, “Umeona ulichofanya?” Sikupiga kelele, lakini nilimaanisha. Mechi iliyofuata alijifungia chumbani tangu asubuhi. Nilipombembeleza atoke, akanijibu kutoka nyuma ya mlango kwamba anaogopa ataharibu tena.

Niliketi sakafuni, mgongo mlangoni, nikamsimulia habari ya babu yake, msukumano wa Kasarani na wale wezi.

“Kwa hiyo Babu aliogopa tu kuibiwa?”

“Ndiyo, mwanangu. Kuibiwa tu.”

Komeo likafunguka. Baba yake akampa kipande cha chapati, akala akiwa amesimama kando yangu.

Karatasi bado naikunja. Ila siku hizi naivalia soksi wote wakishatoka chumbani, na matokeo yakiwa mabaya, simtazami mtu.