Krimu ya EGF kwenye kidonda cha kisukari: nimpake mama?

Swali: Shikamoo daktari. Mama ana kisukari, na kidonda chake cha unyayo kina miezi minne hakifungi. Mtandaoni nimeona krimu ya uso yenye EGF, wanasema inaotesha ngozi. Nimpake?

Jibu: Marahaba. Usimpake.

EGF yenyewe si uongo. Ni protini ndogo, asidi-amino 53, inayojishika kwenye kipokezi cha seli za epithelia, zile zinazofunika ngozi, na kuzichochea zigawanyike na kutambaa kuziba pengo. Aliyeigundua, Stanley Cohen, aliona vitoto vya panya waliodungwa dondoo ya tezi za mate wakifumbua macho kabla ya siku zao. Alipata Nobel mwaka 1986.

Shida ni kidonda. Majimaji ya kidonda sugu yamejaa vimeng'enya vinavyokatakata protini, hivyo EGF ya kupaka huharibiwa kabla ya kuzifikia seli hai zilizo chini. Ndiyo sababu Wakuba, wenye dawa ya Heberprot-P, huidunga. Unga wa mikrogramu 75 huyeyushwa kwa mililita 5 za maji ya sindano, kisha hudungwa kidogokidogo kwenye kingo na ndani ya kidonda, mara tatu kwa wiki, hadi nyama nyekundu ijae au wiki 8 zitimie. Mdungaji huanzia palipo safi na hubadili sindano anapohamia sehemu nyingine, la sivyo anasukuma vijidudu ndani. Maumivu, kutetemeka na homa hutokea.

Hairuhusiwi kwa mwenye saratani, kwani uvimbe mwingi wa saratani una kipokezi hichohicho. Dawa ya saratani iitwayo cetuximab hukiziba, na wanaoitumia hutokwa vipele kama chunusi usoni. Ngozi nayo inakitegemea.

Lakini hata sindano hiyo haisaidii kama nyama iliyokufa haijakatwa, mfupa una maambukizi, au damu haifiki mguuni. Wengi hukwama kwenye jambo dogo zaidi: asubuhi kidonda kinasafishwa, mchana kinakanyagwa. Uliza kuhusu plasta ngumu ya kupunguza uzito unyayoni; mwenye maambukizi makali au damu haba mguuni hafungwi.

Mpeleke kliniki ya kisukari wiki hii. Akipata homa, kidonda kikinuka au kidole kikiwa cheusi, mpeleke siku hiyohiyo.