MUULIZE MKUTUBI: Ile "GN" waliyoitaja mkutanoni, naipata wapi?

SWALI: Shikamoo bibi. Mwezi uliopita, kwenye mkutano wa kijiji chetu hapa mkoani Mbeya, ofisa mmoja alituambia mashamba yetu ya mpunga yamo ndani ya hifadhi "kwa mujibu wa GN". Tulipoomba kuiona tukajibiwa kuwa hiyo ni karatasi ya serikali. Je, mkulima kama mimi naruhusiwa kuisoma? Naipata wapi?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Marahaba mwanangu. Unaruhusiwa, wala huna haja ya kumweleza mtu unaitakia nini. GN ni kifupi cha Kiingereza, Government Notice, yaani Tangazo la Serikali, na tangazo huchapwa ili lisomwe. Liko kwenye nyongeza za Gazeti la Serikali, lile la kila Ijumaa ambalo hulikuti kwa wauza magazeti wa stendi.

Katika miaka yangu ya kaunta swali lako nimelisikia mara nyingi. Simsahau mzee mmoja aliyekuja na kipande cha boksi kimeandikwa "GN 64", basi. Alidhani yatosha. Kumbe kila Januari hesabu huanza upya kwenye moja, kwa hiyo kila mwaka una GN 64 yake. Tulishinda mezani, mimi nashusha majalada, yeye analamba kidole na kufunua. Tuliipata jioni, kwa Kiingereza. Nikamtafsiria Jedwali, ile sehemu ya tangazo inayoeleza mipaka: mpaka unaanzia kwenye bikoni, unafuata kijito hadi kinapoingia mtoni. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, kijito hicho kilihama mwaka wa mafuriko." Hoja hiyo asingeipata bila kuyasikia maneno yenyewe.

Kwa hiyo rudi kwa mtendaji wa kijiji umuulize namba pamoja na mwaka. Muulize pia kama kuna GN ya baadaye iliyobadilisha hiyo. Ninyi wa Mbeya mnalijua hili: GN 28 ya 2008 iliyopanua Hifadhi ya Ruaha ilitajwa wilayani Mbarali kwa miaka mingi, kisha mwaka 2023 ikaja GN 754 kurekebisha mipaka. Anayeshika ya zamani peke yake anabishania mstari uliokwisha kuhamishwa.

Ukishapata mwaka, anzia Maktaba ya Mkoa hapo mjini. Omba "Gazeti la Serikali la mwaka fulani", usiseme "vitabu vya sheria", utapelekwa rafu nyingine. Wasipokuwa nalo, iko Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, barabara ya Bibi Titi Mohamed, maktaba aliyoifungua Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Kwa sheria, machapisho ya nchi hii hupelekwa pale. Kwa matangazo ya kale, hata ya enzi ya mkoloni, nenda kitengo cha East Africana katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwenye simu ya intaneti ajaribu kwanza TanzLII, tovuti ya sheria za Tanzania, ila ahakikishe Jedwali limo lote, maana mipaka imeandikwa humo.

Toa kivuli cha kurasa zote, pamoja na ule wenye tarehe. Ramani hutaikuta maktaba. Tangazo hutaja namba ya ramani tu, na namba hiyo ndiyo utakayoipeleka ofisi ya ardhi.

Ukikwama kote, andika barua kwa mamlaka inayohusika chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya 2016. Wanapaswa kukujibu ndani ya siku 30. Nakala yako igongwe muhuri wa "imepokelewa" kabla hujaondoka dirishani.

Na usikimbilie nauli ya Dar. Nitumie namba na mwaka, nitapita mwenyewe Maktaba Kuu kuangalia kama jalada hilo lipo.