Kabla Hujaagiza Samaki Unguja

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba yeye na mume wake mtarajiwa watakwenda Unguja kwa fungate mwezi wa Agosti, na ameniuliza wale wapi ili akiba yao isiishie mezani. Nilimjibu kwa ufupi siku ile ile, lakini jibu langu lina kisa nyuma yake, na kisa hicho bado kinaniuma kiasi cha kunifanya nikiandike chote hapa, kwa kuwa najua wengi wetu tunajinyima mwaka mzima ili tupate siku chache za namna hiyo.

Mimi na mume wangu tulimchukua mama mkwe wangu, ambaye alikuwa hajawahi kuvuka kwenda visiwani ingawa maisha yake yote ameishi Tanga na kupika samaki wa Sahare. Safari ya boti na mizunguko ya Mji Mkongwe naiacha, maana ilikwenda vizuri. Jioni moja tukiwa Nungwi tuliingia katika mkahawa mmoja wa makuti ufukweni, wenye meza zilizotandikwa vitambaa vyeupe juu ya mchanga na taa ndogo zilizoning'inizwa minazini. Mhudumu, kijana mpole kabisa, alituletea sinia la samaki waliolazwa juu ya barafu, na mama akachagua chewa ambaye macho yake yalikuwa bado yanang'aa. Niliuliza bei, kwa sababu mimi huuliza bei. Kijana akajibu, "Elfu kumi na tano, dada," nasi tukaona ni bei ya kiungwana, tukaongeza pweza wa kuchoma na wali wa nazi.

Tulisubiri hadi mama akaanza kusinzia. Chewa alipofika, ngozi yake ilikuwa imeungua ikawa masizi, lakini nyama iliyokaribia mfupa ilikuwa ya rangi ya waridi na haikukubali kubanduka. Wali ulikuwa mweupe wa kupendeza, ila nazi uliisikia kwenye jina tu. Pweza ndiye aliyetumaliza. Mama alitafuna mnyiri mmoja upande wa kulia, akauhamishia upande wa kushoto, kisha akaomba ndimu na chumvi, na baada ya muda akaniambia kwa sauti ya chini, "Huyu hakuchemshwa, mwanangu. Kapandishwa makaani vile vile." Mtu yeyote wa Pwani anafahamu kwamba pweza hupigwapigwa kwanza, kisha huchemshwa taratibu kwa maji yake mwenyewe hadi alainike, na ndipo huchomwa au kuungwa kwa nazi. Kazi hiyo inataka muda, na jiko linalokimbizana na meza ishirini halina muda wa kumpa pweza.

Kisha ikaja bili. Chewa peke yake aliandikwa Sh195,000. Nilipomwita yule kijana, alifungua orodha ya vyakula na kunionyesha, chini ya jina la samaki, kwa herufi ambazo mama asingeweza kuzisoma hata kwa miwani, kwamba bei ni ya kila gramu 100. Samaki wetu alikuwa na gramu 1,300, na alipimwa akiwa mbichi, pamoja na kichwa, mifupa na vyote vilivyokuwa tumboni mwake, kwa hiyo tulilipia pia kile kilichotupwa jikoni. Chini ya jumla waliongeza asilimia 10 ya huduma, na chini yake tena kodi. Kwa kilo ile walitudai Sh150,000, mbele ya ufukwe ule ule ambako wavuvi hushusha samaki na kuwanadi mchangani. Mume wangu alitoa kadi bila kusema neno, kwa sababu mama alikuwa mezani, na hakuna mtoto mwenye adabu anayebishania bei ya chakula mbele ya mzazi aliyemkaribisha. Wenye mikahawa ya namna hiyo wanaijua vizuri haya yetu, na naamini wameiweka katika hesabu zao.

Ndiyo maana nasema, ndugu zangu, tuache kuona haya. Mgeni kutoka Ulaya huuliza, hupiga hesabu kwenye simu, huondoka akitaka, na hakuna anayemwona fukara. Sisi tunaozungumza lugha moja na mhudumu ndio tunaonyamaza tukiogopa kuonekana hatuna. Usiulize "samaki bei gani", kwa sababu swali hilo lina majibu mengi. Taka apimwe mbele yako, kisha uliza samaki huyu, huyu uliyemshika, pamoja na huduma na kodi, atanigharimu shilingi ngapi hadi ninyanyuke mezani. Kamba waangalie zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya uzito wao ni kichwa na gamba. Ukikuta bei zimeandikwa kwa dola, kumbusha kwa heshima kwamba tangu Machi 2025 kanuni zinakataza bei za bidhaa na huduma ndani ya nchi kutangazwa kwa fedha za kigeni. Na uliza kabla samaki hajaenda jikoni, kwani akishakwenda, wewe si mteja tena, ni mdaiwa.

Kuhusu Agosti, msomaji wangu afahamu kwamba huo ni wakati wa kusi. Bahari huchafuka, ngalawa na mashua ndogo hushindwa kutoka siku nyingine, samaki hupungua, na wakati huo huo watalii ndio wamejaa, kwa hiyo bei hupanda kwa sababu mbili kwa pamoja. Uliza samaki ameingia lini. Pweza uliza wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji yanapokupwa sana na watu kushuka mwambani kumtafuta.

Sisi tulipata faraja mjini. Bakuli la urojo karibu na Darajani, lenye bajia, kachori, viazi na ukali wa embe mbichi, lilimfanya mama acheke kwa mara ya kwanza tangu Nungwi, na bei yake hata sitaitaja, nisije nikajikasirisha upya. Forodhani nako nendeni jioni, lakini mishikaki ya pweza na ngisi iliyopangwa mezani msiiguse kabla ya kuuliza bei ya kila kijiti, na chagueni kinachopikwa mbele yenu badala ya kinachopashwa moto. Maji ya miwa yenye tangawizi na ndimu yanyweni bila wasiwasi wowote. Na kama mnataka meza ya ufukweni kwa ajili ya picha, jambo ambalo kwa fungate nalielewa, kaeni hapo saa kumi na moja jua likielekea kuzama, agizeni madafu mawili, lipeni, kisha nendeni mkale mahali wanapokula madereva wa daladala.