Umeme jua si lazima uue mashamba

Ndugu, umeuliza kama mradi mkubwa wa umeme jua ukija kijijini ndiyo mwisho wa kilimo. Si lazima, ila ardhi inaliwa kweli. Kituo cha Garissa kule Kenya, cha takriban megawati 55, kilichozinduliwa mwaka 2019, kimekaa kwenye hekta 85. Kule ni nyika ya malisho. Eneo kama hilo likikatwa kwenye mashamba ya mahindi, kuna familia zitalala njaa.

Kinachoamua ni namna paneli zinavyofungwa. Zikilazwa karibu na ardhi na kokoto zikamwagwa, hapalimwi tena. Kajiado, huko huko Kenya, walijaribu kuziinua juu, mtu anapita chini na jembe lake, na kabichi zikastawi vizuri: kivuli kinapunguza jua kali, udongo haukauki upesi. Shida ni kwamba nguzo ndefu ni gharama. Mwekezaji asipobanwa na mkataba haziweki.

Kama uko Tanzania, msikubali mambo yaishie kwa mwenyekiti. Dai Mkutano Mkuu wa Kijiji, nendeni wote, kina mama na vijana pia, mkaulize fidia ya mazao, njia ya mifugo, na nani atang'oa vyuma mradi ukiisha.